Sifuri

Jumanne usiku, Duluth. Theluji imefika kwenye kitasa,
na katika chumba cha chini cha Verlyn Haugen, kando ya mashine ya kufulia,
watu wazima watano wanagombana
kama kifo ni namba au ni safari.

Joka limempiga mchawi wa Pachia.
Uhai wake: sifuri.
"Amekufa," asema Verlyn bila kuinua macho.
"Hajafa," asema Pachia Vue. "Kitabu changu kinampa nafasi.
Narusha dadu, narusha tena, narusha tena,
ndipo tujue kama ni maiti au majeruhi."
"Kitabu chako," asema Verlyn, na hilo "chako"
analitema kama mbegu ya limau.

Basi moto umewaka.
Wendell Maki, fundi bomba, mtu asiyepaza sauti
hata maji yakimfika kiunoni,
asimama kulitetea toleo la tatu, ambalo hakuna aliyelitaja.
Lile lina jedwali la kila kitu: la kuruka shimo,
la kupanda ukuta uliolowa,
la kumbembeleza punda aliyegoma.
Aliwahi kusema, mara moja tu, bia ya nne ikiwa mkononi,
kwamba kwao hakuna aliyejua baba ataamkaje,
ila mle kitabuni kila jambo lilikuwa na hesabu yake.

Corliss ni wa toleo la nne, peke yake,
kama mjane wa vita ambayo hakuna aliyeiandika.
Wote humcheka. Toleo lile alilicheza na binti yake
mwaka mzima wa hospitali,
vinyago vya plastiki juu ya sinia la chakula cha mgonjwa.
"Sheria mbovu zile," wanamwambia.
Yeye huhesabu vinyago, huvirudisha kwenye kopo.
Hakijapotea hata kimoja.

Mgeni angeuliza: si mchezo tu huu?
Si penseli na karatasi, na chipsi kwenye bakuli?
Na aulize polepole.
Hata washairi wamenuniana miaka kwa ajili ya mizani,
huyu akisema pasipo kina hapana shairi,
yule akisema kina ni pingu,
na kila mwamba ngoma akivutia kwake
alikuwa akiilinda sauti ya yule
aliyemfunza kuhesabu kwa vidole.

Kitabu cha Verlyn kimeshikana kwa utepe tu.
Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wa kaka yake, Arlo,
penseli ya mtoto wa miaka kumi na minne:
*Sifuri ni sifuri. Usilie. Andika jina jipya.*
Machi iliyofuata barafu ya ziwa ilimpasukia Arlo.
Haikumpa dadu tatu.

Na Pachia hulala mchana,
maana usiku mwingine wote yumo kwenye gari la wagonjwa.
Ameiona sifuri ikikohoa.
Ameiona ikifumbua macho, ikauliza viatu vyake viko wapi.
Nani atamwambia, yeye, kwamba sifuri ni sifuri?

Haya hayasemwi mezani.
Mezani yanasemwa "ukurasa wa themanini na mbili"
na "soma vizuri wewe" na "nyinyi watoto mmedekezwa."
Mimi sina toleo. Mimi nilikuja kwa ajili ya chipsi.

Mwishowe Verlyn anaisukuma dadu, ile nyekundu,
iliyolika pembe hadi inakaribia kuwa gololi.
Hiyo haiazimwi.
"Rusha," asema. "Ila usiniambie ni sheria."

Pachia anairusha. Inagonga bakuli,
inaruka, inajificha chini ya mashine ya kufulia.
Sote watano magotini, tochi za simu, vumbi, soksi ya mwaka juzi,
na Wendell, shavu lake sakafuni, anaiona:
"Kumi na tisa!"
Kimya.
Kisha Corliss, polepole:
"Lakini dadu iliyoanguka chini,
huwa inahesabiwa?"